Picha ya ajali kazini ifundishe, isimdhalilishe aliyeumia

Huenda simu yako imewahi kupokea picha ya namna hii: kidole kilichokatwa na grenda, mkono uliobanwa na mashine ya kukamua miwa, au kibarua aliyelala chini ya jengo alilodondoka. Chini yake kuna maneno machache, "Jamani tuwe makini kazini." Ukashtuka, ukaituma kwa wenzako, ukaendelea na shughuli zako.

Sasa jiulize, kwenye picha ile ulijifunza nini? Ulijua grenda ilikosa kitu gani? Ulijua kibarua yule alisimama wapi kabla ya kudondoka? Mara nyingi jibu ni hapana. Ulichoona ni damu, na mtu ambaye pengine alikuwa bado hajafika hospitali wakati picha yake imeshafika mikoa mitatu.

Mimi ni daktari, na majeruhi wa kazini ni sehemu ya kazi yangu ya kila wiki. Sisemi picha zipigwe marufuku. Picha iliyopigwa vizuri inaweza kumlinda fundi ambaye hutakutana naye maishani. Lakini ikipigwa ovyo, au ikisambazwa bila ridhaa, humuumiza mgonjwa mara ya pili. Wiki hii nazungumza na wewe uliyeumia kazini ukaombwa picha kwa ajili ya mafunzo, na wewe mzazi ambaye mtoto wako anashinda karakana, gengeni au shambani.

Kwa nini mafunzo yanahitaji picha

Shirika la Kazi Duniani (ILO) linakadiria kuwa watu karibu milioni 3 hufariki kila mwaka kutokana na ajali na magonjwa yanayosababishwa na kazi. Wengine takriban milioni 395 huumia bila kufa. Nyingi ya ajali hizi hufanana. Mkono huingia kwenye mashine isiyo na kifuniko, mtu huanguka kutoka juu, kemikali huruka machoni. Kwa kuwa hufanana, aliyeumia jana anaweza kumwokoa wa kesho.

Maneno peke yake hayatoshi. Mwambie kijana anayeanza kazi ya uchomeleaji kwamba "grenda lazima iwe na kinga," ataitikia. Lakini kama grenda zote alizowahi kuziona zimeng'olewa kinga, hajui unazungumzia nini. Mwonyeshe picha mbili za grenda ya aina moja, moja ikiwa na kinga na nyingine haina, atakuelewa bila maelezo marefu.

Jambo hili si geni. Mwaka 1908 Lewis Hine, mwalimu aliyeacha ualimu na kuwa mpiga picha, alianza kuzunguka Marekani akipiga picha za watoto waliofanya kazi viwandani na migodini. Mwaka 1912, katika jimbo la North Carolina, alimpiga picha mvulana aliyepoteza vidole viwili kwenye kiwanda cha kusokota nyuzi. Kilichoipa picha ile uzito ni maelezo yaliyoambatana nayo: kipande cha mashine kilimwangukia mtoto mguuni, akaangukia mashine nyingine, mkono ukaingia kwenye gia zisizo na kinga. Anayesoma maelezo yale anajua nini kifanyike, gia zifunikwe na mtoto asiwepo pale. Mwaka 1938 Marekani ilipitisha sheria ya kitaifa iliyobana ajira za watoto, na picha za Hine zilikuwa zimechangia kuamsha watu.

Hata hivyo, maelezo yale yalitaja pia jina la mtoto na mji wake, na hadi leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, bado yanasomeka. Zama zile hilo lilionekana kawaida. Leo tunajua kwamba somo la gia lingeeleweka vilevile bila jina.

Kwanza majeruhi, simu baadaye

Kabla ya picha yoyote, mtu aliyeumia anahitaji mikono yako. Zima mashine na uchomoe waya wa umeme. Usiuvute kwa nguvu mkono uliobanwa. Kama jeraha linavuja damu, likandamize kwa kitambaa safi bila kuachia hadi mfike hospitali.

Kidole kikikatika, kifunge kwenye kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo kwa maji safi, kitie kwenye mfuko wa plastiki na uufunge, kisha uweke mfuko huo juu ya barafu yenye maji. Usikiweke kidole moja kwa moja kwenye barafu. Aliyeungua amwagiwe maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala asali. Kemikali ikiingia machoni, osha kwa maji mengi safi mfululizo, angalau dakika 15 hadi 20, ukiwa umemfungua kope.

Ipo picha moja ambayo sisi madaktari tunaitaka upesi: picha ya lebo ya kemikali. Mtu akinywa au kumwagikiwa na kiuatilifu, dawa ya kuua panya au kemikali ya kutengenezea sabuni, piga picha ya maandishi yote ya kwenye chupa, pande zote. Jina la dawa iliyomo linaweza kubadilisha matibabu yote. Kama kemikali ilihamishiwa kwenye chupa ya soda au maji isiyo na lebo, njoo na chupa yenyewe ikiwa imefungwa vizuri. Wala usimlazimishe mgonjwa kutapika.

Picha inayofundisha ikoje?

Picha bora ya usalama ni ile inayopigwa kabla mtu hajaumia. Ngazi iliyofungwa kwa kamba ya katani, waya uliochubuka ukipita kwenye maji, shimo la choo kipya lililofunikwa kwa kipande cha bati: hizo ndizo picha za kuwatafuta wenye uwezo wa kurekebisha. Hazina damu wala mgonjwa wa kuombwa ridhaa, na hatari bado inaweza kuondolewa.

Vivyo hivyo kwa matukio ya kuponea chupuchupu. Tofali limedondoka kutoka ghorofa ya tatu likatua mahali ambapo mtu alikuwa amesimama dakika moja kabla. Watu hucheka, humshukuru Mungu, wakaendelea na kazi. Lakini tofali lile lingepigwa picha pale lilipoangukia, pamoja na jukwaa la juu lisilo na ubao wa kuzuia vitu pembeni, lingekuwa somo zuri kwa mafundi wote wa eneo lile.

Kama ajali imeshatokea, piga chanzo chake. Anza kwa mbali kidogo ili aonekane mtu alisimama wapi na mashine ilikuwa wapi. Kisha sogea karibu na kitu kilichosababisha, kwa mfano mkanda usiofunikwa, swichi iliyo mbali na mkono, au sakafu yenye mafuta. Tatizo likirekebishwa, rudi mahali palepale upige tena. Picha hizo mbili zikiwekwa pamoja humwonyesha mfanyakazi kosa, na dawa yake pia. Picha ya kutisha isiyoonyesha cha kufanya humfanya mtu afumbe macho, aseme "Mungu atuepushe," asibadilishe chochote.

Andika maelezo mafupi: ni kazi gani, nini kilikosekana, nini kimefanyika baadaye. Picha isiyo na maelezo ikishapita kwenye makundi matano, huzuliwa maelezo yake. Ajali ya kiwanda cha mbao hugeuka kuwa ujambazi au ushirikina.

Kumbuka pia kwamba si kila hatari huonekana kwenye picha. Chembe za vumbi la mawe zinazoharibu mapafu ya wachimbaji na wakata mawe ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Kelele inayoua masikio taratibu haipigiki picha. Picha ikionyesha eneo "safi", isiwe sababu ya kumkatalia mtu vipimo.

Ukiombwa picha ukiwa mgonjwa

Hospitalini picha ya jeraha hutumika kwa mambo matatu tofauti. Ya kwanza ni matibabu: daktari anaweza kuipiga ili kufuatilia kidonda au kuomba ushauri wa bingwa. Ya pili ni ushahidi wa madai ya fidia. Tanzania tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliotokana na sheria ya mwaka 2008, na kumbukumbu nzuri za jeraha na mahali lilipotokea humsaidia mfanyakazi. Ya tatu ni mafunzo, iwe ya madaktari wanafunzi au ya wafanyakazi wenzako.

Kukubali moja si kukubali yote. Ukiruhusu kidonda kipigwe picha kwa ajili ya kutibiwa, hujatoa ruhusa kionyeshwe kwenye semina ya kiwandani. Anayetaka kuitumia kwa jambo jingine arudi kukuuliza.

Akija kukuuliza, iwe ni mhudumu wa afya, ofisa usalama wa kampuni au msimamizi wako, una haki ya kuuliza haya: Picha itaonyesha sehemu gani ya mwili wangu? Uso, jina au namba ya kazi vitaonekana? Itaonyeshwa kwa nani, na wapi? Itahifadhiwa kwenye simu ya nani? Itawekwa mtandaoni? Nikibadili mawazo nimwambie nani? Asiyeweza kukujibu hayo hajawa tayari kupewa picha yako.

Omba makubaliano yaandikwe, na ubaki na nakala. Ukikataa, matibabu yako hayapaswi kupungua hata kidogo, na fidia yako haitegemei kukubali kuonyeshwa semina.

Muda nao ni muhimu. Mtu aliye kwenye maumivu makali, au aliyetoka kuchomwa sindano ya usingizi, hawezi kutoa ridhaa ya kweli. Kama picha inahitajika haraka kwa kumbukumbu za matibabu, ipigwe na ihifadhiwe kwenye faili. Suala la mafunzo lisubiri akili itulie, tena ikiwezekana ndugu awepo.

Kuna jambo jingine ambalo wagonjwa hunong'ona tu. Bosi akisema, "Tunaomba picha yako tuitumie," kibarua husikia, "Ukikataa kazi hamna." Ndiyo maana ni vyema ombi hilo lisiletwe na mtu mwenye mamlaka ya kukufukuza. Mlete mwakilishi wa wafanyakazi au wa chama cha wafanyakazi awe kati yenu. Na wewe mwajiri unayesoma hapa, usiitumie picha kumtangaza aliyeumia kuwa ndiye mzembe. Ukifanya hivyo mara moja, mwingine akijikata atafunga kidonda kwa kitambaa na kwenda nyumbani kimya. Sisi tutampokea siku ya tano, kidonda kimeoza.

Sheria ipo upande wako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Picha ya jeraha inayoweza kukutambulisha ni taarifa ya afya yako. Nayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi ni salama. Wajibu huo ni wake, na haumaliziki kwa kubandika picha za majeruhi ukutani.

Mzazi, fikiria kesho ya mtoto wako

Watoto hawaumii tu kwenye michezo. Wengi huumia kwenye kazi za nyumbani kwetu, kwa sababu biashara na nyumba viko pamoja: karakana uani, jiko la mamalishe barazani, mashine ya kusaga nyuma ya nyumba.

Mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka tisa, vidole vya mkono wa kulia vimepondwa na mashine ya kukamua miwa. Alikuwa akimsaidia mjomba wake jioni baada ya shule. Majirani walipiga picha akiwa analia, wakaituma kwenye kundi la mtaa "ili wazazi wajifunze." Vidole vitatu vilipona, kimoja tulikipunguza. Mtoto aliporudi shule, wenzake walikuwa wameshaiona picha, wakampa jina la "Miwa". Mama aliniambia kidonda kilimsumbua mwezi, jina lile lilimsumbua mwaka.

Baadaye nilimuuliza kama angeruhusu mkono wa mtoto upigwe picha, bila uso, kwa ajili ya kufundishia. Alikaa kimya, kisha akanijibu, "Daktari, mkono wa mwanangu hapana. Lakini twende nikakuonyeshe mashine." Alikuwa sahihi. Mashine ile ilikuwa na magogo mawili ya chuma yanayozunguka, hayana kifuniko mbele, na miwa ilisukumwa kwa kiganja badala ya kijiti. Swichi ilikuwa upande wa pili, mbali na anayesukuma. Picha ya mashine pekee inafundisha yote hayo, na haina mtoto wa kuchekwa.

Kwa hiyo mzazi, ukiombwa picha ya mwanao, uliza kwanza kama picha ya kifaa haitoshi. Mara nyingi inatosha. Kama lazima jeraha lionekane, lipigwe karibu, bila uso, bila sare ya shule, bila jina. Na mtoto mwenyewe aulizwe. Mtoto wa miaka minane anajua aibu ni nini. Akisema hataki, hiyo ndiyo iwe kauli ya mwisho, hata kama wewe umeridhia.

Usisahau pia kwamba kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na hatakiwi kufanya kazi za hatari. Mashine inayoponda miwa haijui kama aliyeisukuma ni mtoto wa mwenye mashine.

Kabla hujabonyeza "tuma"

Tazama picha taratibu, kuanzia pembeni hadi katikati. Kuna uso? Kuna kitambulisho shingoni, jina kwenye fulana, namba ya gari, kibao cha duka? Kuna kovu au mchoro wa mwili ambao jirani ataujua? Ukiwa unapiga, ni bora zaidi kuielekeza kamera pasipo uso kuliko kuuficha baadaye kwa kikatuni. Zima pia kipengele cha mahali kwenye kamera, kwa kuwa simu nyingi huweka ndani ya picha taarifa za ulipopigia.

Kisha fikiria nani wa kumtumia. Picha ya hatari mtumie anayeweza kuiondoa, yaani msimamizi, ofisa usalama, mwakilishi wa wafanyakazi, au OSHA kama walio karibu wamepuuza. Kundi la watu 200 wa ukoo haliwezi kurudishia kinga ya mashine. Na picha ya marehemu usiitume kabisa. Kuna mama ambaye bado hajapigiwa simu.

Kama ni wewe picha yako imesambaa bila ridhaa, usikae na uchungu peke yako. Hifadhi ushahidi: kundi gani, namba gani, siku gani. Mwombe msimamizi wa kundi aifute na awatake wengine wafute. Kama aliyeitoa ni mwajiri au kituo cha afya, peleka malalamiko kwa maandishi kwa uongozi, na ukipuuzwa nenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ukweli ni kwamba picha iliyokwishatumwa haiwezi kurudishwa yote. Ukiona usingizi umepotea, unaogopa kutoka nje au mtoto amekataa shule, njoo hospitali utueleze. Hilo nalo ni jeraha na linatibika.

Kesho asubuhi ukifika kazini kwako, hata kama ni banda la kuchomelea au jiko la kukaangia chipsi, tazama kwa dakika tano. Tafuta kitu kimoja ambacho mtoto akikishika, au mgeni akikikanyaga, ataumia. Kipige picha, kitengeneze, kisha ukipige tena. Hizo picha mbili wasambazie wenzako unavyotaka.